Siku Amparo Atakapojibu

"Hivi wewe mama Kaliza, yule mjane wa kwenye televisheni akikubali kuolewa, na wewe utakubali? Na akikataa, je?"

Swali hilo aliliuliza Mukandayisenga penye bomba la maji, asubuhi watu wamejaa, na jerikani yake mwenyewe imeshafurika. Illuminée, ndiye mama Kaliza, alinyoosha mkono akafunga bomba, akasema, "Maji yanapotea, dada," akajitwika ndoo yake na kuondoka huku wanawake wakicheka nyuma yake. Hakukasirika. Mukandayisenga alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja hapo Kicukiro kwa miaka kumi na miwili. Mdomo wake haukuwa na mlango lakini moyo wake ulikuwa mweupe, na ndiye aliyeketi naye siku zote nane za msiba mumewe Théoneste alipofariki. Kilichomsumbua Illuminée njiani ni kwamba swali lilikuwa la haki, na jibu hakuwa nalo.

Mambo yalianza hivi. Baada ya Pasaka ya mwaka wa tisini na tatu, Salvator alimposa. Salvator alikuwa mgane wa makamo, dereva wa lori lililokwenda Bujumbura na kurudi, mtu wa sauti ya chini na mikono mikubwa. Alikuwa na nyumba ya matofali Kagugu, migomba, na ng'ombe wawili. Hakutuma mshenga, alisema watu wa umri wao wakituma washenga watachekwa na kuku. Alikuja mwenyewe Jumapili baada ya misa, akaketi, akanywa maziwa ya mgando aliyopewa, akafuta mdomo kwa kitambaa, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani:

"Mama Kaliza, mimi iko peke yangu, wewe iko peke yako. Nimefikiri miezi mingi. Na wewe fikiri."

Kwa desturi ya kwao, mtu mwenye adabu hamkatai mwombaji mbele ya uso wake. Humwekea muda. Atasema tungoje mavuno, au tungoje mvua, au tungoje mtoto amalize shule. Muda ukifika anaweka mwingine, na mwombaji mwenye akili anaelewa mwenyewe, anapunguza kuja, na hakuna aliyeaibika. Illuminée aliijua desturi hiyo kama alivyoijua Salamu Maria. Ila siku ile mavuno yalikuwa yameshapita, mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, na mtoto wake wa pekee, Kaliza, alikuwa ameshaolewa Butare. Akatafuta kitu cha kungojea, asikione. Kilichomjia kichwani ni Amparo.

"Tungoje Amparo ajibu," akasema, nusu mzaha nusu aibu. "Siku Amparo atakapomjibu daktari wake, na mimi nitakujibu."

Salvator alimtazama kidogo. Kisha akainamisha kichwa kwa uzito, kama mtu aliyepewa tarehe na karani wa ofisi ya komuni.

"Sawa. Tutangoja Amparo."

Huyo Amparo alikuwa mjane wa kwenye mchezo wa televisheni, mwenye shamba la kahawa katika nchi ya mbali ambako wanaume wote hupanda farasi. Wenyewe walikuwa wakisema lugha yao, lakini sauti zilikuwa zimegeuzwa kuwa Kifaransa. Televisheni ya nchi ilikuwa bado changa wakati ule, na mtaani kwao ilikuwepo moja tu, kwa mzee Ndihokubwayo, Mrundi aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni alifungua mlango wake, na majirani wakaingia na stuli zao. Mkewe, Kabagwira, aliyewahi kuwa mwalimu, aliketi karibu na kioo akitafsiri kwa wasiojua Kifaransa. Illuminée alikuwa mmoja wao. Shule aliiacha darasa la sita, na Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu.

Tangu Januari daktari mmoja mpole alikuwa akimwomba Amparo waoane, na tangu Januari Amparo alikuwa karibu kujibu. Kila alipofungua mdomo likatokea jambo. Mara barua, mara moto ghalani, mara shemeji mwenye wivu akaanguka kutoka juu ya farasi. Mzee Ndihokubwayo aliwaambia mapema: "Hii haikwishaka. Mimi nazijua hizi. Mtazeeka hapa kwangu, na stuli zenu." Illuminée aliposema tungoje Amparo, alikuwa ameegemea neno hilo la mzee.

Lakini Salvator hakuelewa kama waombaji wengine wanavyoelewa. Kila Jumapili aliyokuwa hayumo safarini alitoka Kagugu, akavuka mji mzima, akaketi kwenye benchi karibu na mlango, kofia gotini. Siri yao haikukaa hata wiki mbili. Siku ghala lilipoungua, mtu mmoja alipiga kelele, "Salvator, posa yako imeteketea!" na chumba kizima kikaangua kicheko. Salvator naye alicheka, polepole, kama alivyofanya kila kitu.

Basi Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane, mchezo ulipokwisha, badala ya kuja yule dada wa matangazo ilikuja sauti nzito ya mwanamume. Kwenye kioo Amparo alionekana na shela jeupe, mkono wake juu ya mlango wa kanisa, kengele zinalia. Halafu uso wa daktari. Halafu tena ule mkono.

"Anasema nini? Mwalimu, anasema nini?"

"Ngojeni nisikie!" Kabagwira aliinua mkono. "Anasema, Jumapili ya tarehe kumi na mbili, yote yatajulikana. Ni sehemu ya mwisho. Amparo atajibu. Anasema atakayekosa atajuta."

Chumba kikalipuka kama soko lililoingiwa na fahali. Illuminée alihisi masikio yake yanapata moto. Hakugeuka kutazama benchi la mlangoni. Alitazama mikono yake mwenyewe, na mikono haikumwambia kitu.

Wiki mbili zile hakukuwa na habari nyingine mtaani. Wenye nyanya na wenye mkaa walibishana. Wanaume waliosema huo ni mchezo wa wanawake waliwekeana dau la bia. Sauti ile nzito ilirudiwa kila jioni, na kila jioni Kabagwira aliitwa uani kueleza kama ilisema neno jipya. Ilisema yaleyale.

Illuminée hakubishana na mtu. Alikuwa mwanamke wa kutazama kwanza. Tangu Pasaka alikuwa amemtazama Salvator kama mtu anavyochambua maharage, akitafuta jiwe. Alimkuta anakula polepole mno na hafungi lango akitoka. Jiwe kubwa kuliko hayo hakuliona, na hilo nalo lilimtia wasiwasi. Akikubali, ataacha nyumba aliyoijenga na Théoneste tofali kwa tofali, ataacha parokia yake na wanawake wa chama cha sala cha Legio aliowaongoza miaka tisa, ataacha kaburi alilolifagia kila Ijumaa, aende Kagugu ambako hajui hata mlango wa jirani. Akikataa, kila kitu kitabaki mahali pake, pamoja na ule ukimya wa sebuleni saa ya chakula. Akipima upande huu unashuka, akipima tena unashuka upande wa pili. Kwa hiyo akajikuta, yeye mwanamke wa rozari, anangojea Jumapili ya tarehe kumi na mbili aone Amparo atafanya nini. Na kwa kuwa aliogopa jambo hilo, Jumamosi alikwenda kuungama.

"Padre, nimeweka neno langu juu ya televisheni."

"Umeweka nini, mama?"

Akaeleza. Alieleza tangu maziwa ya mgando mpaka ile kengele. Padre alisikiliza, akakohoa.

"Mama, hiyo dhambi siijui jina lake. Si uchawi. Si uongo hasa."

"Lakini naomba ishara kwa Mungu, Padre, halafu naenda kuitazamia kwa mzee Ndihokubwayo."

"Hapo kuna kitu," padre akakubali. "Sali makumi mawili ya rozari." Kisha akasogea karibu na wavu. "Na wewe mwenyewe unaonaje? Atamkubali daktari?"

Illuminée alitoka kanisani amechanganyikiwa kuliko alivyoingia.

Jioni ile, akipepeta mchele, aliwaza siku nyingine alizongojea maishani. Askofu alipokuja parokiani walifanya mazoezi ya nyimbo miezi mitatu, wakapaka chokaa hadi mawe ya njiani. Akakaa dakika ishirini, akaondoka kabla ya wimbo wa tatu, ule ambao sauti ya pili ilikuwa yao wanawake wa Legio. Mwezi uliotangulia redio ilikuwa imetangaza amani imetiwa saini Arusha, watu wakakumbatiana barabarani, na kesho yake chumvi ilikuwa bei ileile na vizuizi vya askari vilikuwa palepale. Kumbe siku Théoneste alipoanguka ilikuwa Jumanne tu. Alikuwa anatafuta kiatu chake cha pili. Hakuna sauti nzito iliyokuwa imesema asikose. Alipofika hapo Illuminée aliacha kuwaza, maana mchele ulikuwa unamwagika nje ya ungo.

Jumapili yenyewe, saa kumi na nusu, kwa mzee Ndihokubwayo hakukuwa na pa kuweka mguu. Televisheni ilikuwa imesogezwa dirishani ili na walioko uani waone. Benchi zilikuwa zimeazimwa kanisani. Mukandayisenga aliingia amevaa umushanana, lile vazi la sherehe la kutupia begani, limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Umevaa hivyo umwone nani, wewe?" mzee Ndihokubwayo akamtania.

"Amparo anaolewa, mzee! Nije na kitenge cha jikoni?"

"Na akikataa?"

"Akikataa nitalia nikiwa nimependeza."

Walimsogeza Illuminée mbele kabisa, kwenye kochi, mahali pa mgeni wa heshima. Hakutaka, lakini walimkalisha. Nyuma yake akasikia lango la uani linafunguliwa, halikufungwa, akajua nani ameingia. Salvator alikuwa ametoka safarini mchana uleule. Shati lake lilikuwa jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Akaamkia watu wote, wazee kwanza, akaketi kwenye benchi lake.

Mchezo ukaanza. Na kwa muda mrefu, ajabu, Amparo hakuonekana. Kulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Kulikuwa na ubatizo wa mtoto ambaye hakuna aliyemkumbuka ni wa nani. Shemeji mwenye wivu alitubu kwa maneno marefu hata Kabagwira akachoka kutafsiri, akasema tu, "Anatubu bado." Watu wakaanza kunong'ona. Mzee mmoja uani akauliza kama wamefungua mchezo wenyewe au mwingine.

Halafu kengele zikalia, na minong'ono ikakatika.

Amparo alitembea peke yake mpaka mlango wa kanisa. Akaweka mkono wake juu ya mlango, kama walivyokuwa wameonyeshwa wiki mbili. Daktari alikuwa amesimama kwenye ngazi. Hakuwa na maua wala pete. Akasema neno fupi.

"Anamwuliza," Kabagwira akatafsiri. "Anamwuliza tu, 'Amparo?'"

Amparo akageuka. Akainua shela kwa mikono miwili. Uso wake ukajaa kioo chote, macho yana maji, na midomo ikaanza kufunguka.

Picha ikasimama hapohapo.

Muziki ukapanda. Majina ya watu yakaanza kupita juu ya uso wa Amparo, juu ya midomo iliyofunguka nusu, majina mengi yasiyosomeka, yakapita yote, yakaisha. Kioo kikawa cheusi. Halafu akaja bwana mwenye koti jeupe akaanza kueleza ugonjwa wa viazi.

"Bado," mtu akasema. "Kuna kipande kimebaki."

Wakangoja. Bwana yule akainua kiazi kilichooza, akakikata kwa kisu.

"Mwalimu!" Mukandayisenga akasimama. "Mwalimu, tafsiri! Amesema nini?"

"Nitafsiri nini?" Kabagwira akageuka, mikono wazi. "Hajasema kitu!"

"Mdomo umefunguka!"

"Umefunguka, ndiyo, haukutoa neno! Nitoe wapi neno mimi?"

Ndipo kelele zilipoanza. Waliowekeana dau kila mmoja alidai ameshinda. Mmoja alisema aliyeinua shela amekubali, kwa nini mtu ainue shela? Mwingine akasema ameliinua ili amkatae akimtazama usoni, hiyo ndiyo heshima. Kina mama wa uani walimlaumu Kabagwira kana kwamba yeye ndiye aliyekata picha. Mzee Ndihokubwayo alipiga makofi hadi wakamsikiliza.

"Tulieni! Wanafanyaka hivi, hawa watu. Wanakatia mahali patamu ili urudi. Sasa watapumzika, halafu mwakani wataleta nyingine, waanzie hapo."

"Mwakani!" Mukandayisenga alijishika kichwa. "Yezu wangu! Nimepiga pasi nguo hii kwa ajili ya mwakani?"

"Si walisema yote yatajulikana?"

"Walisema."

"Sasa kimejulikana nini?"

"Kwamba kiazi kikioza usikipande," mtu akajibu kutoka uani, na waliokuwa karibu kulia wakacheka.

Illuminée alikuwa bado anatazama kioo. Kichwani mwake mambo yalizunguka kama maji ya kufulia. Muda aliouweka, je, ulikuwa umefika au haujafika? Kama umefika, mbona Amparo hakujibu? Na kama haujafika, atangoja tena mwaka mzima, aje hapa kila Jumapili kutazama viazi? Alijua kwamba mambo haya ni ya kitoto, mwanamke wa miaka arobaini na tisa hapaswi kuyauliza. Aliyauliza hata hivyo. Kwanza alitaka kuhisi ahueni, kama mwanafunzi aliyeambiwa mwalimu hakuja leo. Ahueni ilikuja, ikakaa kidogo, halafu chini yake akakuta hasira. Alimkasirikia Amparo. Hakujua kama anamkasirikia kwa kutosema ndiyo au kwa kutosema hapana.

Taratibu kelele zikapungua, na akahisi macho ya watu yanahama kutoka kwenye kioo kuja mgongoni mwake.

"Na wewe, mama Kaliza?" Mukandayisenga hakuweza kujizuia. "Maana mimi nimekuona. Yule alipofungua midomo, na yako ilifunguka. Ulisema kitu. Nilikuwa hapa ubavuni, kelele za muziki zikanizibia. Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Ulisema! Naapa kwa Mama Maria. Midomo ilikwenda hivi." Akajaribu kuonyesha kwa midomo yake mwenyewe, na ilikuwa midomo tu.

Illuminée aliweka vidole mdomoni. Ni kweli kitu kilikuwa kimetoka, pumzi yenye umbo, alikumbuka kilivyopita kwenye meno. Ila neno lenyewe hakulikumbuka. Alilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo aliokuwa ameushika sasa hivi.

"Sijui," akasema. "Kweli ya Mungu, dada, sijui nilisema nini."

Hapo Salvator aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Niachieni nafasi niseme," akasema kwa sauti yake ya chini, na watu wakasogea. "Mama Kaliza, mimi iko na kosa. Mchezo huu Bujumbura wanaonyeshaka mbele yetu. Sehemu hii ya mwisho niliiona kule mwezi wa saba, kwenye baa ya madereva."

Mukandayisenga akamgeukia:

"Umeiona? Mwezi wa saba? Ukanyamaza! Mimi nakosa usingizi, na wewe umekaa hapo na kofia yako, unajua!"

"Nilijua."

"Na mwezi wa nane, siku ile farasi alipoanguka na daktari, ulishtuka! Nilikusikia ukisema 'yuu'!"

"Kila mtu alishtuka," Salvator akajieleza. "Ningekaa kama gogo? Si adabu."

Watu walitaka kucheka, hawakujua kama inafaa. Illuminée aligeuka kwenye kochi na kumtazama, kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa amemtazama miezi mitano, yeye anayejua kutazama, na hilo hakuliona. Jumapili zote zile alidhani wanangoja kitu kimoja, yeye huku mbele, mwenzake kule mlangoni.

"Ulijua hatajibu," akasema.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Salvator alizungusha kofia mikononi. "Ningekuambia, mama Kaliza, ungetafuta kitu kingine cha kungojea. Ungesema mvua. Ungesema askofu. Nikafikiri, wacha tufike wote mwisho. Labda tukifika pale na huyu mama asijibu, utabaki wewe."

"Umenitega."

"Labda." Alifikiri. "Sikutaka kutega. Lakini labda ni kutega. Mimi sijui kusema vizuri. Muda uliweka mwenyewe, sikudai. Nauliza tu kama nilivyouliza Pasaka."

Illuminée alisimama, maana ilionekana si vizuri kujibu ameketi. Lakini alipokuwa amesimama, kilichokuwemo kifuani kilikuwa vitu vingi vilivyosukumana mlangoni, hakuna kilichopita. Alitaka kumkemea mbele ya watu. Alitaka pia kumwuliza huko baa ya madereva alikula nini. Aliona kaburi, akaona ng'ombe wawili wa Kagugu asiowahi kuwaona, na kwa sababu asiyoijua akaona ule mkono juu ya mlango. Kabagwira alikuwa amemkazia macho kana kwamba yuko tayari kutafsiri.

"Sijui, Salvator," akasema mwishowe. "Ukitaka jibu sasa hivi, jibu ni sijui. Nimesali, nimeungama, nimetazama na hii. Sijui."

Salvator alingoja kidogo, endapo kuna neno jingine nyuma ya hilo. Halikuja.

"Si kitu," akasema. "Sijui nayo ni neno la ukweli. Nimechukua muda wako mrefu, unisamehe." Akamgeukia mwenye nyumba, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mzee, asante kwa nafasi. Benchi lako limenivumilia. Sasa sitalisumbua tena."

"Ah, Salvator, kaa kwanza! Hata chai bado!"

"Njia ni ndefu, na vizuizi vinakazaka giza likikaribia."

Akaaga wazee, akaaga kina mama, akamwinamia Illuminée kama mtu anavyomwinamia mjane wa rafiki yake, akavaa kofia, akapita katikati ya stuli na watoto mpaka uani. Kupitia dirisha walimwona anafika langoni, anatoka. Aliliacha lango wazi.

Bwana wa viazi alikuwa amefika kwenye dawa ya kunyunyizia. Mukandayisenga alifungua mdomo, akaufunga mwenyewe, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona.

Mzee Ndihokubwayo alianza kutafuta viatu vyake chini ya meza. Kwao mgeni haondoki peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Mwenye mgeni humsindikiza, mpaka barabara kubwa, au mpaka kwenye kona, au angalau hatua ishirini, wakizungumza la mwisho. Kumwacha mtu atoke hivi ni kumwambia asirudi. "Mtu mzima yule," mzee alinung'unika, mguu mmoja umeshaingia kiatuni. "Hata kama mambo yameharibika, mimi ndiye niliyemkaribisha."

Illuminée alimtazama akihangaika na kamba. Hakuwa amekata shauri lolote. Kichwa kilikuwa kimevurugika vilevile, kaburi upande huu, ng'ombe upande ule. Ila aliona wazi jambo moja dogo, kwamba mzee akishamaliza kufunga kile kiatu, atatoka yeye, na mambo yatakuwa yamekwisha.

"Vua kiatu, mzee," akasema. "Mgeni huyu ni wangu."

Ndihokubwayo alibaki ameinama, kamba mkononi. Kabagwira alisimama kutoka kwenye stuli yake.

"Ina maana gani hiyo?" Mukandayisenga akamshika kitenge. "Mama Kaliza! Usituache hivi na wewe! Ndiyo hiyo, au hapana?"

Illuminée alimtoa vidole vyake kwenye kitenge kimoja kimoja, kwa upole, akajifunga vizuri, akapita katikati ya stuli na kutoka kumsindikiza mgeni wake.